Mate ya Papa Musafiri Ndani ya Shimo ya Kasiksi

Aibu hii ni yangu na leo naitoa mwenyewe, juu nimechoka kuisikia kwa watu wengine wakiiongezea maneno (kule Walikale wanasema eti nilikimbia nikalala siku mbili ndani ya pori, uongo mutupu). Mimi, muntu wa koti nyeupe, niliyesomea mikrobe ku iniversite mpaka nikapata diploma, mimi njo siku moja nilisimama mbele ya wakwe, mbele ya katekista, mbele ya kijiji muzima na mbuzi yake, na mukononi nimeshika mate ya baba mukwe wa dada yangu, imeota manyoya. Mucheke tu. Sasa hata mimi nacheka, lakini ile siku, wapi!

Ilikuwa ile miaka ya sitini, fujo imetulia kidogo na magari imeanza tena kupita, nami nimemaliza mwaka ya pili. Nilikuwa nimelewa na masomo, sina neno ingine. Siku ya kwanza kabisa profesere alituwekea tone moja ya maji ya mutaro chini ya mikroskopi, nikatia jicho, nikaona vitu inakimbia, inagongana, inarudi nyuma kama watu ya soko ya Kashuga siku ya maharagi, nikapiga kelele "Ee Mungu wangu, inatembea!" mbele ya darasa nzima, wakacheka mpaka wakapiga meza, lakini sikusikia aibu hata kidogo, nilitaka tu nirudishe jicho. Halafu wakatufundisha namna mwili inajitetea: kwamba ndani ya damu kuna askari wanaomeza adui, na askari hawa wakishapigana na mikrobe fulani mara moja wanakumbuka sura yake, siku ikirudi wanaijua. Mwili inakumbuka! Nililala na ile maneno na nikaamka nayo, nikaihubiri hata kwa mama mumoja aliyetuuzia karanga ku mulango ya shule, mpaka akaniambia nilipe niende.

Basi vakanse, likizo ya shule, ikafika, na profesere akanipa masahani kenda ndogo ya kioo, kila moja na kifuniko yake, ndani yake wamemwanga jelozi, kitu kama supu ya mifupa iliyoganda. Unapangusa koo ya muntu na pamba, unapitisha ile pamba juu ya jelozi, unaweka sahani pahali ya joto, na kisha siku mbili tatu mikrobe inazaana mpaka unaiona na macho yako, hii nyeupe, ile manjano, ingine na manyoya. "Uniletee mikrobe ya kwenu milimani," akasema, na mimi nikasikia kama amenituma kwa mufalme. Nilipanda lori, nikapita Walikale kuelekea kwetu Masisi, njia yote nimepakata yale masahani, nimeyafunga ndani ya shati yangu ya misa, kila gari ikiruka shimo nami nainua mapaja juu kabla isiruke, dereva akaniuliza kama nimebeba mayai. Nikamwambia nimebeba sayansi. (Munaona ugonjwa ulishaanza.)

Nyumbani nikakuta kijiji inachemka juu ya ndoa ya yaya Feza.

Lazima nimuseme kwanza Feza, juu maneno yote inamurudia yeye. Ni dada yangu mukubwa. Baba yetu alipokufa, yeye alikuwa na akili ya masomo kuliko mimi, masista walimupenda, lakini akaacha shule arudi kulima na Mama, ili mimi niendelee. Maharagi niliyosomea, ile mikono yake njo ilipalilia. Na miaka ikapita, wasichana wa rika yake wote wakaolewa wakazaa, yeye akabaki, na watu wanajua kusema: "Huyu atazeekea ku jiko ya mama yake." Halafu akatokea Bahati, mwalimu, kijana wa Walikale, mupole, anamupenda mpaka unaona. Ndoa hii ikivunjika haikuwa ya kupata ingine. Hiyo nilijua, kila muntu alijua.

Familia ya Bahati walikuwa wametembea siku mbili ndani ya pori, wakafika mapema, wakawekwa kwa katekista wapumzike mpaka siku ya sherehe. Mukubwa wao alikuwa Papa Musafiri, baba ya Bahati, muwindaji, muntu murefu wa ndevu nyeupe, anasema kidogo, anatazama mingi. Na mimi, badala ya kumusalimia na kunyamaza kama mutoto mwenye adabu, nikamwendea na pamba yangu ku kijiti.

"Papa, fungua kinywa. Sema aaa."

Akanitazama. "Unataka nini mu kinywa yangu?"

"Mate kidogo tu, Papa."

"Utafanyia nini mate yangu?"

Hapo njo ningekaa chini nimueleze polepole. Lakini nilikuwa na kichwa kubwa, nikajibu: "Ni mambo ya sayansi, Papa. Utaelewa nyuma." Akafungua kinywa, kwa heshima ya ndoa tu, nikapangusa, nikafunika sahani, nikabandika sparadra, ile plasta ya kidonda, juu yake na kuandika na wino, herufi kubwa kabisa: PAPA MUSAFIRI. Vile vile nikafanya kwa Bahati, kwa Mama, kwa baba mudogo Kalume (ndugu ya marehemu baba, yeye njo mukubwa wa nyumba yetu na fundi wa pombe), kwa katekista, kwa Feza, kwa mbuzi ya Mama, na sahani ya nane nikapangusa mulango ya choo. Ya kenda nikaweka akiba.

Feza nilimukuta anachambua maharagi. Akasema aaa vizuri kuliko wote, kisha akaniuliza: "Sasa unasema ndani yangu kuna askari?"

"Mingi, yaya. Elfu na elfu."

"Na adui akirudi wanamujua?"

"Wanamujua sura."

Akacheka, akajipiga kifua: "Kumbe mimi ni mwami, niko na jeshi!" Na siku nzima alikuwa anasema na Mama, "Unipishe, jeshi yangu inapita."

Taabu ikabaki moja: joto. Kule iniversite kuna sanduku ya umeme inakaa na joto kama ya mwili, usiku na muchana. Kwetu, ukungu inakaa mpaka saa ine ya asubui, na hata siagi haiyeyuki. Nikaweka sahani ya kwanza chini ya kuku aliyelalia mayai, akanidonoa mukono mpaka damu. Nikalala na mbili ndani ya blanketi, nikaamka nimezilalia vibaya. Nikazunguka nyumba nikifikiri, mpaka macho yangu ikaangukia shimo ya kasiksi.

Sasa musikilize vizuri, juu wenye hawatoki kwetu hawajui uzito wa ile shimo. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na ya ndoa inapikwa na desturi yake: ukishakamua ndizi na kutia unga ya mutama, unafunga mitungi na majani ya mugomba, unaishusha ndani ya shimo yenye majivu ya moto na majani makavu, unafukia, unakanyaga udongo. Basi. Hakuna muntu anagusa tena. Inafunguliwa mbele ya wageni wenyewe, wamesimama kuizunguka, waone na macho yao kwamba udongo haujaguswa na kwamba hakuna aliyetia karuho, ile sumu yetu inayoogopwa kuliko simba. Muntu akiingiza mukono mule kabla ya siku, ni kama ameingiza mukono ndani ya ndoa.

Nilijua. Musiseme sikujua! Nilikulia mu ile desturi, nilikanyaga udongo ya shimo nikiwa mutoto. Lakini nilipoweka kiganja pale juu nikasikia joto ile tamu, sawasawa kabisa na ile sanduku ya umeme, moyo ukaruka: jamani, babu zetu walikuwa na laboratwari na hawakujua! Jumamosi watu wako sokoni, nikafunua upande moja, nikaingiza masahani yangu nane katikati ya majani, pembeni ya mitungi, nikarudisha udongo, nikakanyaga vizuri. Nikasema nitayatoa kisha siku mbili, nani atajua?

Kesho yake baba mudogo Kalume akaleta kiti yake ya miguu mitatu, akaiweka pale karibu na shimo, akawasha kiko, akakaa. Analinda pombe. Nikapita mara ya kwanza, "Baba mudogo, haukuchoka?" Hapana. Nikapita tena, "Baba mudogo, Mama anakuita." Akasema Mama aje yeye. Hata chakula aliletewa pale. Na hivyo mpaka siku ya sherehe ikafika na masahani yangu iko ndani, na mimi najifariji kwamba watainua mitungi tu, majani itafunika, hakuna muntu atatazama chini.

Wakasimama wote kuzunguka shimo: Papa Musafiri mbele na fimbo yake, Bahati na shati mupya, mama zao na vikapo, katekista, majirani, watoto juu ya miti. Feza yuko ndani ya nyumba na wasichana, juu kwetu muchumba hatoki mpaka pombe ikubaliwe. Baba mudogo akasema maneno yake, "Wageni, mutazame udongo," wakatazama, wakaitikia kwa kichwa, wakafukua. Vijana wawili wakashika mutungi ya kwanza, wakainua, na katikati ya majani, ting! Kitu kikaanguka. Ting! Kingine. Sahani moja ikaviringika peke yake, ikaenda polepole, ikazunguka, ikalala ku mguu wa Papa Musafiri. Ningeiita irudi kama ningeweza.

Katekista njo alikuwa anajua kusoma haraka kuliko wote. Akainama, akaiokota, akasoma kwa sauti ya misa: "Papa Musafiri."

Watu wakasogea waione. Hata watoto juu ya miti.

Na sasa mufikiri vile wao waliona, si vile mimi niliona. Mimi niliona kazi nzuri sana (na ilikuwa nzuri! Ile sahani ilikuwa imeota duara nyeupe kama nyota, na katikati manyoya ya kijani, profesere angenikumbatia). Wao waliona hivi: kijana alichukua mate ya muzee, akakataa kusema ya nini, akaifunga ndani ya kioo, akaandika jina ya muzee juu yake, akaizika ndani ya shimo pamoja na pombe ya ndoa, na sasa mate imeota manyoya. Hata murogi mwenyewe asingefanya vizuri hivyo! Mama mumoja wa Walikale akasema "Yesu!" na akashika kikapo yake.

"Hii njo mate yangu?" Papa Musafiri akauliza polepole.

"Ndiyo, Papa, lakini hii si kitu mubaya, hii ni mikrobe tu."

"Mikrobe ni nini?"

"Ni... ni viumbe. Vinaishi ndani ya koo yako."

"Ndani ya koo yangu mimi? Vya manyoya?"

"Si wewe peke yako, Papa, hata mbuzi ya Mama..." na nikamuonyesha sahani ya mbuzi, nikiona nimemaliza shauri, kumbe nimelinganisha mukwe na mbuzi mbele ya familia yake. Watu wakaanza kusema wote mara moja. Baba mudogo Kalume alikuwa amefungua kinywa na kiko imeanguka, sijawahi kumuona hivyo, akanitazama na macho ya muntu aliyeibiwa. Kisha akachota kasiksi ndani ya kibuyu, akainyoosha kwangu. "Aliyeingiza mukono mu shimo anywe wa kwanza. Wageni waone."

Ilikuwa haki, na ilikuwa rahisi. Kunywa, kupangusa midomo, kucheka, maneno imekwisha. Nikashika kibuyu. Na hapo, mashetani ya masomo ikanifanya nitazame mutungi, nikaona ku mudomo yake sahani imepasuka vipande viwili, jelozi imelala juu ya jani, na ku sparadra mwandiko yangu mwenyewe: CHOO.

Kichwa yangu ikaanza kutaja majina yote ya mwaka ya pili, moja nyuma ya ingine, na magonjwa yake. Na kinywa ikatoa, naisikia mpaka leo, sauti kama ya mutoto: "Baba mudogo... tusiichemshe kwanza kidogo?"

Kuchemsha kasiksi! Kasiksi ya ndoa! Aka! Ingekuwa afadhali ningemutukana mama ya muntu. "Munaona? Mwenyewe anaogopa!" "Anajua alichotia!" Wanawake wa Walikale wakafunga vitenge, wakabeba vikapo ku mugongo, vijana wao wakaanza kutafuta mikuki yao. Bahati alikuwa anatazama chini, shati mupya yote imelowa jasho, na Papa Musafiri akageuka taratibu kuelekea njia. Nikaona ndoa ya yaya yangu inaondoka kwa miguu, inashuka mulima, na mimi njo naifukuza, mimi ambaye yeye alinilimia maharagi. Nilisikia uchungu ya kutaka kujipiga.

Mulango ikafunguka. Feza akatoka. Amevaa kitenge ya sherehe, mafuta inang'aa ku uso, na kwetu muchumba kutoka hivyo, mbele ya wakwe, ni jambo hakuna muntu alishaliona. Akapita katikati ya watu, akafika mbele yangu, akachukua kibuyu ndani ya mikono yangu.

"Yaya, usinywe," nikamunong'oneza, "ya choo ilipasuka."

"Si uliniambia niko na jeshi?" akasema, na hakunong'ona, alisema kwa nguvu. "Ao ulikuwa unanidanganya?"

Akanywa. Akanywa kasiksi yote mpaka chini, shingo inapanda inashuka, akageuza kibuyu, hakuna tone lililoanguka. Halafu akachota yeye mwenyewe, akanipa. Jamani, aibu niliyosikia ile saa ilikuwa kubwa kuliko yote: dada yangu wa kuacha shule alikuwa anaamini masomo yangu kuliko mimi. Nikanywa. Nikafumba macho na nikanywa yote.

Papa Musafiri alikuwa amesimama. Akarudi, fimbo yake inagonga mawe, akatazama masahani yote pale chini, akamuomba katekista asome jina moja moja. Katekista akasoma yote, mpaka mbuzi. Muzee akanigeukia. Kisha akaniuliza neno moja tu.

"Na yako iko wapi?"

Sikuwa na yangu. Nilipangusa kijiji muzima, nilipangusa mpaka mulango ya choo, lakini koo yangu haikunipitia hata mu mawazo.

"Nyani haoni matako yake," Papa Musafiri akasema, na watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. "Kijana amechukua uchafu ya kila muntu akaiandika jina. Sasa sikilizeni. Yake nayo itiwe. Katekista aandike jina. Iingie mu shimo ile ile, nami nitakaa juu yake mwenyewe. Siku ya tatu tufungue. Ikitoka safi, basi na mate yetu alituroga, tunaenda. Ikitoka na manyoya kama yetu, ni ndugu, tunakula."

Nikakimbia kuleta sahani ya akiba. Papa Musafiri akashika ile kijiti ya pamba na mukono wake wa kuwinda, akaniambia, "Fungua kinywa. Sema aaa," na kijiji muzima ikaitikia "Aaaaa!", hata baba mudogo, hata Mama, na akaisukuma mpaka nikakohoa machozi. Wakazika. Muzee akaweka kiti.

Siku tatu zile musiniulize. Nilikuwa namufuata Feza kila pahali, akienda nyuma ya nyumba namuuliza "Yaya, tumbo?", mpaka akanitupia mukungu wa ndizi: "Niachie nikojoe!" Wageni walikunywa mitungi yote miwili (Papa Musafiri aliona hakuna haja ya kuiharibu), na hakuna aliyekohoa. Aliyeugua ni mumoja. Nilihara, ndugu zangu, nilihara siku mbili, ndani ya ile choo ile ile niliyopangusa mulango yake, na ukuta ilikuwa ya matete, kila muntu anasikia, na watoto wanapita wakiimba "Aaaaa!" Mara moja, nimechuchumaa pale, nikaelewa somo ya profesere kuliko darasani: askari ya wale watu walikuwa wanajua mikrobe ya ile mulima tangu utoto, ya kwangu miaka miwili ya maji ya kuchemsha ilishawasahaulisha nyumbani. Mwili inakumbuka, ndiyo, lakini ukiikumbusha.

Siku ya tatu wakafukua. Nilikuwa naomba Mungu nipate hata manyoya mbili. Katekista akainua sahani juu ya mwanga, na watu wakapiga kelele moja kubwa: ilikuwa imejaa! Manjano, nyeupe, kijani, manyoya inasukuma kifuniko, inataka kutoka! Iliwashinda wote, ilishinda mbuzi, naamini ilishinda choo. Na mimi nikaruka juu, nikapiga makofi, "Iko na manyoya! Tazameni, iko na manyoya!", na sijawahi kufurahia uchafu yangu hivyo tangu nizaliwe. Papa Musafiri alicheka mpaka akakaa chini, anapangusa machozi na ndevu. "Huyu ni ndugu," akasema, "tena mukubwa wetu." Ngoma ikalia. Feza akaolewa.

Sasa nimezeeka ndani ya laboratwari, nimefundisha wanafunzi wengi, na niliapa mambo mbili ambayo sijavunja: sichukui mate ya muntu kabla hajaelewa ya nini, na mwanafunzi anapoingia siku ya kwanza, sahani ya kwanza tunayopanda ni ya koo yangu, na jina yangu juu yake, waione ikioza.

Na ile sahani yangu ya Masisi? Papa Musafiri aliichukua, akasema ni sehemu yake ya ndoa. Alipokufa ikabaki kwa Feza kule Walikale. Aliisugua na majivu, anaweka chumvi ndani, sparadra ingali ku kifuniko na jina yangu karibu imefutika. Kila nikienda kumusalimia ananipikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, tunakaa chini, naonja, na kabla sijasema neno ananisogezea ile sahani mbele ya watoto wake na wajukuu, uso mukavu kabisa.

"Dokta, weka chumvi. Usiogope, niliichemsha."